Matope ya Safari kwenye modeli ya 1/24: udongo uliopasuka, ubao uliopinda na mng'ao usiotakiwa

Swali: Naunda modeli ya Datsun 240Z iliyoshinda mashindano ya magari ya East African Safari mwaka 1971, kipimo cha 1/24. Nataka ikae kwenye kitako chenye matope, magurudumu ya nyuma yakiwa yamezama. Nilichota udongo mwekundu uani, nikauchanganya na gundi nyeupe ya mbao, nikaupaka juu ya kipande cha MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Ulipokauka ukapasuka kila upande, ubao ukapinda, na rangi ikawa kahawia moja inayong'aa kote kama imepigwa vanishi. Nimekosea wapi? Na je, lazima ninunue matope ya chupa kutoka nje? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Hapana, matope ya chupa si lazima. Na hayo matatu yaliyokupata, yaani nyufa, ubao kupinda na mng'ao, yote yametoka kwenye maji na gundi. Udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Gundi nyeupe ya mbao nayo karibu nusu yake ni maji ambayo lazima yaondoke. Ukivichanganya na kuvitandaza kwa unene, juu kunapungua ujazo huku chini kumeshikwa na ubao, basi lazima pahali paachie. Wakati huohuo MDF imekunywa maji upande mmoja tu, ikavimba upande huo, ikapinda. Ama mng'ao, gundi ikikauka huacha utando juu ya kila chembe, na utando huo hufanya kazi ileile ya maji kwenye udongo uliolowa: huufanya uwe mweusi zaidi na ung'ae. Umepata udongo uliolowa kwa kiwango kimoja kutoka ukingo hadi ukingo, na barabarani hakuna kitu kama hicho. Ndani ya hatua moja ya barabara ya masika kuna pakavu, pabichi na palipotuama maji. Ukiweza kuonyesha tofauti hiyo, hata puti ya ukutani itasadikika kuwa tope.

Kwa hiyo kabla hujashika kijiko, amua mvua imekatika lini. Ikiwa imekatika sasa hivi, kila kitu kimelowa na kazi yako inakuwa ngumu bila sababu, maana unarudi kwenye mng'ao wa kila mahali. Ikiwa imekatika saa tano au sita zilizopita, migongo ya matuta imeanza kupauka, kuta za mikondo ya magurudumu bado mbichi, na maji yamebaki chini kabisa ya mikondo. Chagua hii ya pili. Inakupa viwango vyote vitatu kwenye eneo dogo, na mtazamaji anaelewa bila kuambiwa.

Kisha fikiria gari lenyewe limefanya nini. 240Z huendeshwa na magurudumu ya nyuma. Likikwama, ya mbele yanakaa tu kwenye mikondo yake. Ya nyuma ndiyo yanayozunguka bure, yanachimba, na kurusha tope nyuma kwa umbo la kipepeo cha mkono. Tope lililorushwa mita mbili na nusu nyuma ya gari ni kama sentimeta 10 kwenye kipimo chako. Gari lenyewe lina urefu wa takriban sentimeta 17. Watu wengi hukata kitako kinacholingana na gari kisha wanakosa mahali pa kuweka jambo la maana kuliko yote. Kata ubao wa sentimeta 30 kwa 16, usogeze gari mbele, na uliweke mshazari kidogo ili lisilingane na kingo.

Rangi ya udongo

Hapa ndipo modeli nyingi za Safari zinapoharibikia: kila moja inapewa tope jekundu. Mashindano haya yalianza 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yameshika. Mwaka 1963, na tena 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Lakini njia ilivuka udongo wa aina nyingi. Upande wa Tsavo na kwenye miinuko inayozunguka Nairobi udongo ni mwekundu. Kwenye tambarare za Athi ni mweusi, ule wa mbuga, unaovimba na kunata. Na mtu anayeunda gari la miaka hii, tangu mashindano yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 na kuhamia Naivasha, hana haja ya wekundu kabisa: kule ni vumbi la volkano, la kijivu kilichopauka.

Kwa gari la 1971, la dereva Edgar Herrmann na mwongozaji wake Hans Schüller, unaweza kuchagua mwekundu au mweusi, ila chagua mmoja na uufuate mpaka mwisho, kwa sababu tabia zake hazifanani. Murramu nyekundu ina changarawe ndogondogo; humwagika, haishiki sana, na huacha madoa mepesi kwenye bodi. Udongo mweusi wa mbuga hujishika wenyewe kwa wenyewe: hujaza matundu ya magurudumu mpaka tairi linasugua, hufunika kashata zote za tairi, yaani vinundu vya uso wake, na hudondoka kwa mabonge. Gari jekundu lenye boneti nyeusi juu ya udongo mwekundu hupoteza nusu ya mvuto wake, kwa hiyo mimi ningechagua murramu iliyoelekea kahawia-manjano, wekundu wake uwe chini ya ule wa rangi ya gari.

Ukubwa wa chembe

Kwenye 1/24 milimita moja ni milimita 24. Chembe ya mchanga ya milimita moja, ambayo mkononi ni mchanga mtupu, kwenye kitako chako ni kokoto ya ujenzi. Chekecha mchanga mara mbili: kwanza kwa chujio la chai, ubakize kilichokwama kwa ajili ya mawe machache ya pembeni, kisha kilichopita kichekeche kwa soksi nyembamba ya kike iliyovutwa juu ya kikombe. Hicho cha mwisho ndicho kinachoingia kwenye mchanganyiko. Osha mchanga kabla, hasa wa pwani, kwa sababu chumvi hujitokeza juu ya plasta kama ukungu mweupe wiki kadhaa baadaye, na ukishatokea haufutiki vizuri.

Udongo wako wa uani usiutupe. Ukaange kwenye sufuria kavu mpaka mvuke ukome kabisa, au uuweke kwenye oveni nyuzi 120 kwa nusu saa. Hiyo huua mbegu na vijidudu vinavyoweza kuota ukungu chini ya gundi. Uchekeche kwa soksi na uuhifadhi kwenye kichupa. Utautumia mwishoni, kidogo, kama vumbi la pale palipokauka. Kama mwili wa tope haufai, kwa sababu ya kusinyaa nilikokueleza.

Kitako

Paka ubao vanishi ya mbao au rangi ya mafuta pande zote sita, kingo zikiwemo, mikono miwili. Upande wa chini ndio unaosahaulika na ndio unaookoa: ubao ukinywa unyevu sawasawa juu na chini haupindi. Ubao ulionao ukiwa umepinda chini ya milimita mbili, unaweza kuugeuza, kulowesha kidogo upande wa pili na kuubana chini ya matofali siku mbili. Ukizidi hapo, kata mwingine.

Usijenge kina cha tope kwa tope. Bandika juu ya ubao vipande vya foamu ngumu, ile nyeupe inayokuja kwenye maboksi ya televisheni inatosha, na uchonge mikondo, tuta la katikati na ukingo wa barabara kwa kisu. Tope lako liwe ngozi tu juu ya umbo hilo, milimita tatu, nne kwa mbali. Bandika foamu kwa gundi nyeupe. Supaglu huiyeyusha, na rangi nyingi za kupuliza za kopo huiyeyusha pia, kwa hiyo isipulizwe kitu mpaka iwe imefunikwa kabisa. Kwaruza uso wa foamu na wa vanishi kwa msasa mkavu ili mchanganyiko upate pa kushika. Tope lililolala juu ya uso laini hutoka kama ganda siku gari likiinuliwa.

Kina cha mikondo kipime kwa gari, usikikisie. Tairi la modeli hii lina kipenyo cha karibu milimita 26. Ukizamisha magurudumu ya nyuma milimita 8 na ya mbele 3, mkia unashuka kwa milimita 5 na tumbo la gari linagusa tope upande wa nyuma, kama linavyofanya gari lililokwama kweli. Liweke, liangalie kutoka ubavuni, chonga tena. Umbali kati ya mkondo wa kushoto na wa kulia, katikati kwa katikati, ni kama milimita 56, lakini pima modeli yako mwenyewe kwa sababu watengenezaji hutofautiana.

Mchanganyiko

Kwa ngozi ya milimita tatu kwenye ubao wa 30 kwa 16 unahitaji karibu mililita 150. Tumia kijiko cha chakula kimoja kwa kila kitu:

– puti ya ukutani ya unga, ile ya kuskimu: vijiko 6
– mchanga uliopita kwenye soksi: vijiko 2
– gundi nyeupe ya mbao: vijiko 3
– oksaidi ya sakafu: nyekundu kijiko 1 cha chai, njano vijiko 2 vya chai, nyeusi ncha ya kisu
– maji: vijiko 2, kisha matone mpaka ifae

Puti ni bora kuliko plasta ya POP kwa kazi hii kwa sababu inakupa muda. POP huganda ndani ya dakika kumi hivi, na ukitumia bakuli lenye mabaki ya plasta ya jana huganda mapema zaidi, kwa kuwa mabaki hayo huharakisha kuganda. Oksaidi za duka la vifaa vya ujenzi zinafaa kuliko rangi ya poda ya shuleni: ni oksaidi za chuma, ileile inayoupa udongo wetu wekundu, hazipauki kwa jua, na hazidhuriwi na chokaa au saruji iliyomo kwenye puti. Ila nyekundu yake ina nguvu sana na inaelekea zambarau, ndiyo maana njano ni maradufu. Usizidishe unga wa rangi kupita kipimo hicho. Hauna uwezo wa kushika, na tope lenye rangi nyingi hubaki likichafua vidole.

Changanya vikavu kwanza mpaka usione mistari ya rangi, kisha gundi, kisha maji. Mchanganyiko uko sawa pale kijiti cha meno ukikisimamisha ndani yake kinapobaki wima sekunde mbili tatu ndipo kiiname. Kikianguka papo hapo, maji yamezidi na nyufa zinakuja; ongeza puti. Kisipoinama kabisa, hautatandazika na utaacha alama za kisu.

Jambo moja kuhusu rangi: mchanganyiko ukiwa bichi unaonekana mweusi sana, na ukikauka unapauka kuliko unavyodhani. Paka doa kwenye kipande cha kadibodi, likauke kabisa, ndipo uamue. Lengo ni rangi ya udongo *mkavu*. Ubichi tutauongeza juu, kwa sababu kupaka weusi juu ya weupe ni rahisi na kinyume chake hakuna.

Tandaza kwa kisu cha rangi, halafu gongagonga kwa mswaki wa zamani uliolowanishwa ili uso usibaki laini. Kukauka kwake kuwe kivulini, saa 24, na siku za mvua 48. Usipeleke juani, usitumie mashine ya kukaushia nywele: uso ukiganda kabla ya ndani, ndani ikija kusinyaa inaupasua uso. Zikitokea nyufa nyembamba, zijaze kwa mchanganyiko uleule uliozimuliwa kwa maji yenye gundi, ukiusukuma kwa kidole. Chache ziache ukingoni, mahali pakavu.

Alama za magurudumu

Usisubiri mpaka pakauke. Kama saa moja baada ya kutandaza, kidole kikigusa kinaacha alama lakini hakitoki na tope, ndio wakati. Chukua gurudumu la akiba, lipake poda ya mtoto lisinate, ulipitishe mkondoni kwa kulizungusha. Ukiligandamiza wima badala ya kulizungusha, kashata zinatoka safi mno, kama muhuri. Tope linalosukumwa pembeni lisawazishe kidogo tu. Yale mabega mawili yanayoinuka kando ya mkondo ndiyo yanayomwambia mtazamaji kuwa udongo ulikuwa laini. Kwenye mita ya mwisho kabla ya magurudumu ya nyuma, yaani sentimeta 4 hivi, futa kashata kabisa kwa brashi iliyolowa: pale tairi limeteleza na kuzunguka, haliwezi kuacha chapa. Kwenye shimo lenyewe chora mikwaruzo ya urefu, kuelekea nyuma.

Nyayo za watu weka mbili tatu pembeni ya gari, upande wa nyuma, pale mtu angesimama kusukuma. Kiatu cha sentimeta 29 ni milimita 12. Zikipungua au kuzidi, kipimo chote kinaonekana cha uongo, kwa hiyo pima.

Ubichi na maji

Sasa una kitako kikavu, kilichopauka, kisichong'aa hata kidogo. Hapo ndipo kazi inapoanza kupendeza.

Chukua rangi ya kahawia iliyokolea ya akriliki, izimue kwa maji sehemu 8 kwa 1 ya rangi, na upake mikondo, mashimo na miguu ya matuta. Mikono mitatu myepesi, ukiacha ikauke katikati, na kila mkono uishie chini kidogo ya uliotangulia. Migongo ya matuta usiiguse. Mpaka kati ya pabichi na pakavu usiwe mstari. Uguse kwa brashi yenye maji matupu kabla haujakauka ili ufifie. Kisha mng'ao: vanishi ya akriliki isiyong'aa kwenye migongo, ya nusu mng'ao kwenye kuta za mikondo, na ya kung'aa chini tu, pale tope limekaa kwa maji. Mpangilio huo wa ngazi tatu ndio dawa ya tatizo lako la kwanza. Watu hupaka vanishi ya kung'aa kote wakitaka tope lionekane bichi, kumbe jicho linatambua mng'ao kwa kuulinganisha na palipofifia jirani yake.

Maji yaliyotuama yanahitaji epoksi angavu ya sehemu mbili. Kabla ya kumimina, funga uso wa mkondo kwa mikono miwili ya vanishi ya kung'aa, na uhakikishe kila kitundu kimezibwa. Puti ina hewa ndani. Ikimiminiwa epoksi bila kufungwa, hutoa vipovu usiku kucha, na epoksi hujipenyeza mpaka ukingoni. Mkondo wa sentimeta 6 kwa upana wa milimita 8 na kina cha 2 unakula mililita moja tu, lakini changanya zisizopungua 10, kwa kuwa kosa la nusu mililita kwenye kiasi kidogo huacha epoksi ikinata milele. Pima kwa mabomba mawili ya sindano, moja kwa kila chupa, kwa uwiano ulioandikwa na mtengenezaji. Koroga dakika tatu ukikwangua kuta za kikombe, acha itulie dakika tano vipovu vipande.

Maji ya barabara ya masika hayaonyeshi chini. Yana rangi ya chai ya maziwa, na dimbwi angavu kwenye tope ni kosa linaloonekana kutoka mbali. Tia kwenye epoksi oksaidi ileile uliyotumia kwenye udongo, kiasi kinachokaa kwenye ncha ya kijiti cha meno kwa kila mililita 10, pamoja na punje ya rangi nyeupe ya mafuta ya msanii. Rangi ya maji usitie. Maji yake huifanya epoksi iwe na ukungu na inaweza isigande vizuri. Weka kitako sawasawa kwa pima maji, mimina kwa kijiti, tabaka lisizidi milimita mbili, funika kwa boksi vumbi lisiingie, na uache saa 24. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, uso unaweza kutoka na utando wa mafutamafuta. Uoshe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, unatoka.

Epoksi hupanda kidogo kwenye kuta za mkondo. Usihangaike kuizuia. Ipakie rangi ya ubichi pale ilipofika na itaonekana kama ukingo uliolowa, jambo ambalo maji ya kweli hufanya. Kama epoksi hupati, vanishi nzito ya kung'aa kwa mikono mingi inafaa kwa kina cha nusu milimita. Rangi ya kucha isiyo na rangi usiikaribishe: viyeyusho vyake hula polistirini, iwe foamu au modeli yenyewe.

Tope kwenye gari

Anza kwa kulinda stika na rangi kwa vanishi ya nusu mng'ao, ikauke siku nzima. Kisha panga tope kwa tabaka tatu kama kwenye kitako: la zamani lililopauka, la katikati, na la sasa hivi.

La zamani: oksaidi na unga kidogo wa puti kwenye tapentaini, lipakwe kwenye sehemu zote za chini mpaka nusu ya mlango, likikauka lisuguliwe kwa pamba kuelekea chini. Tapentaini iwe kidogo. Ikituama ndani ya plastiki tupu isiyopakwa rangi, hasa palipobanwa kama ekseli na viungo vya chesisi, inaweza kuipasua.

La katikati ni marusho. Changanya oksaidi, udongo wako wa uani uliochekechwa kwa soksi na vanishi isiyong'aa, ushike brashi fupi ngumu, uipitishe juu ya kijiti cha meno ili irushe matone. Jaribu kwanza kwenye karatasi. Tone la milimita moja ni pande la tope la sentimeta mbili na nusu. Machache hayo yanatosha, mengi yawe chini ya nusu milimita. Mwelekeo ndio kila kitu: gurudumu la mbele hurusha nyuma, kwenye sehemu ya chini ya mlango na paneli iliyo nyuma ya tundu la gurudumu, la nyuma hurusha kwenye bampa na chini ya mkia. Funika nusu ya juu kwa karatasi unaporusha upande wa nyuma, vinginevyo paa linapata tope lisilo na maelezo. Kwa kioo cha mbele, kata kipande cha tepu ya karatasi kwa umbo la njia ya waipa, ukibandike, rusha, kisha ukibandue. Namba na taa zifutwe kwa brashi yenye maji: wafanyakazi wa timu walizisafisha. Na kama picha unayofuatia inaonyesha vishikio nyuma, tope lililo juu yake na kwenye bampa lisuguliwe, kwa kuwa mikono na viatu vya mtu aliyesimama pale kuongeza uzito vimelitoa.

La mwisho, bichi, ni la magurudumu na matundu yake. Sukuma mchanganyiko wa kitako, uliokolezwa rangi, ndani ya tundu na kwenye ukuta wa ndani wa rimu. Magurudumu ya nyuma yamezunguka kwa kasi: tope la rimu limesambaa kwa duara na kitovu kimebaki safi zaidi. Ya mbele yaache na mabonge yasiyo na mpangilio.

Kuunganisha

Modeli ya plastiki haina uzito wa kuzama, kwa hiyo ifunge: toboa kitako kutoka chini na upitishe skrubu ya milimita 2 mpaka kwenye chesisi, mahali palipo mnene. Likishakaa, litazame usawa wa macho, taa ikiwa nyuma yake. Utaona mwanga mwembamba chini ya tairi moja au mbili. Vuta mchanganyiko kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, uujaze hapo, na uinue kidogo kwenye ubavu wa tairi kwa brashi iliyolowa. Kisha kipepeo cha nyuma: mabonge madogo karibu na tairi, matone yanayopungua kadiri unavyokwenda mbali, yote yakianzia shimoni. Yaangukie pia juu ya epoksi na juu ya matuta makavu, na haya ya juu ya matuta ndiyo yapate vanishi ya kung'aa, maana ni tope jipya lililoangukia pakavu.

Ukiwa na kifuniko cha kioo au akriliki, usikifunge mpaka wiki moja ipite tangu mkono wa mwisho. Unyevu wa puti na harufu ya tapentaini bado vinatoka, na vikifungiwa vitaganda kama ukungu ndani ya kioo.